Paka Mlinzi wa Ghala: Wakati Gani Umwite Daktari wa Mifugo?

Leo tunazungumza hasa na ndugu zetu wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Wengine nanyi mnakaribishwa, maana jambo lenyewe liko kila penye mahindi na panya.

Mara nyingi tumezungumza juu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku na punda. Leo tutazungumza juu ya paka. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Paka naye ana daktari?" Haya, chekeni kidogo, kisha tusikilizane. Mkulima akiulizwa ana mifugo mingapi, hutaja ng'ombe na mbuzi wake. Paka hamtaji kabisa. Lakini huyo asiyetajwa ndiye anayekesha ghalani usiku wakati wewe na mimi tumelala.

Shabaha ya mazungumzo ya leo ni moja: ujue kutofautisha ugonjwa wa paka unaoweza kungoja kesho, ugonjwa unaotaka mtaalamu leo leo, na ugonjwa ambao hupaswi hata kumgusa huyo paka. Huo wa tatu unahusu uhai wako na wa watoto wako.

KWA NINI TUJISUMBUE NA PAKA?

Sababu ya kwanza mnaijua. Paka akiondoka, panya hutawala. Panya hali tu mahindi na maharage. Huyakojolea, huyachafua kwa mavi, na hutoboa magunia. Hata ile mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, ambayo wengi sasa mnaitumia, ikitobolewa tundu moja na panya, faida yake imekwisha. Hewa inaingia, na wadudu wanaendelea kula.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Paka hukutana na magonjwa ya panya kabla yako wewe. Mwaka 2007 ugonjwa wa tauni ulizuka wilayani Mbulu, na baadaye wataalamu walifika kutega panya na kuchunguza viroboto wao. Kabla ya hapo, wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ilisumbuliwa na tauni mara kwa mara tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zaidi ya watu 7,000 waliugua. Tauni huanza kwa panya. Kiroboto humnyonya panya mgonjwa. Panya akifa na kupoa, kiroboto anahama kutafuta damu nyingine. Anayekuwa karibu ni nani? Ni paka aliyemkamata panya huyo, na baada ya paka ni mtu.

Paka hupata tauni kwa urahisi sana, kwa kuumwa na viroboto na kwa kula panya mgonjwa. Kisha anaweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata, kumparura, au kumkoholea usoni. Mambo haya yameandikwa kwa hesabu: huko Marekani, kati ya mwaka 1977 na 1998, watu 23 waliambukizwa tauni na paka, na 5 kati yao walikufa. Basi paka akiugua katika nchi yenye panya wengi, tusiseme "paka ni paka tu".

MJUE PAKA WAKO AKIWA MZIMA

Huwezi kumtambua mgonjwa kama hukumjua akiwa mzima. Paka ana tabia ya kuficha maumivu. Ng'ombe akiugua atasimama ameinamisha kichwa na kila mtu ataona. Paka atajibanza chini ya kitanda au nyuma ya kihenge, nawe utadhani amelala. Kwa hiyo angalia mambo haya siku ambazo ni mzima:

Kwanza, ulaji. Anakula saa ngapi na kwa hamu gani? Je, anakuja ukimwita?

Pili, ufizi. Mwinue mdomo polepole. Ufizi wa paka mzima una rangi ya waridi na umelowa. Kama ufizi wake ni mweusi kwa asili, tazama upande wa ndani wa kope.

Tatu, pumzi. Akiwa amelala kimya, hesabu kifua kinavyopanda. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Paka mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 20 na 30 kwa dakika. Tumia saa au simu yako.

Nne, ngozi. Vuta ngozi ya kati ya mabega kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikirudi mara moja, ana maji ya kutosha mwilini. Ikibaki imesimama kama hema, amekaukiwa na maji.

Tano, haja. Jua mahali anapokwenda haja ndogo na kubwa. Hili tutalirudia, maana limewaua paka dume wengi.

Kazi hii haichukui hata dakika tano. Mpe mtoto mmoja mkubwa wa nyumba awe mwangalizi wa paka, kama vile mwingine anavyokuwa mwangalizi wa kuku.

MAMBO YANAYOWEZA KUNGOJA SIKU MOJA

Si kila jambo ni la kumkimbilia daktari. Paka akitapika mara moja kisha akala na kucheza, mwangalie tu. Mara nyingi ni manyoya aliyojilamba, au mfupa wa panya. Akihara siku moja huku anakula na kunywa, mpe maji safi, umngoje. Akichechemea kidogo lakini mguu anaukanyagia, mpumzishe. Akipiga chafya mara chache huku macho yake ni makavu na anakula, mwangalie.

Lakini kungoja ni kungoja kwa siku moja huku ukimwangalia. Si kumsahau. Asipopata nafuu kesho yake, mpigie simu mtaalamu. Paka mkubwa asiyekula chochote kwa siku nzima hana budi kuulizwa habari zake. Akifikisha siku mbili, asingojwe tena, maana ini la paka huharibika upesi akikaa na njaa, hasa kama alikuwa mnene. Mtoto wa paka hana hata hiyo siku moja. Akikataa kunyonya au kula kwa nusu siku na mwili wake unapoa, apelekwe.

DALILI ZA LEO LEO

Sasa tuje kwenye mambo yasiyongoja kesho. Ukiona moja tu kati ya haya, tafuta daktari wa mifugo au Afisa Mifugo wa Kata siku hiyo hiyo.

1. Anapumua kwa shida. Paka kupumua akiwa ameachama mdomo kama mbwa si kawaida. Vilevile, ukihesabu pumzi zaidi ya 40 kwa dakika naye amelala, au tumbo linavutika kwa nguvu kila pumzi, kuna hatari.

2. Paka dume anakwenda haja ndogo lakini mkojo hautoki. Atachuchumaa mara kwa mara, atakamua, atalia, atajilamba sehemu za siri, na litatoka tone moja au hakuna kabisa. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula. Kumbe njia ya mkojo imeziba. Sumu ambayo ingetoka na mkojo inarudi katika damu, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Usimkamue tumbo, kibofu kinaweza kupasuka.

3. Ufizi umekuwa mweupe, wa bluu, wa kahawia au wa manjano. Mweupe ni dalili ya kupungukiwa damu, na manjano ni dalili ya ini au damu kuharibika.

4. Ameanguka degedege, anayumba, au miguu ya nyuma imelegea ghafla na kupoa.

5. Paka jike anazaa na kazi haiendelei. Mimba ya paka huchukua kama siku 63 hadi 65. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima bila mtoto kutoka, au mtoto ameonekana na kukwama, usivute. Ita mtaalamu.

6. Anatapika tena na tena, au anahara damu.

7. Jeraha kubwa, kuungua moto, au kugongwa na pikipiki, hata kama ameinuka na kutembea. Damu inaweza kuwa inavuja ndani.

SUMU: ADUI ALIYEMO NYUMBANI

Hapa pana jambo la kuzungumza kwa kirefu, maana sumu nyingi zinazoua paka tunaziingiza nyumbani wenyewe, tena kwa nia njema.

Ya kwanza ni sumu ya panya. Ziko za namna mbili kubwa. Iko ile ya unga wa kijivu cheusi yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Hiyo hufanya kazi upesi: paka anatapika, anahema, anatetemeka, tumbo linajaa. Ndani ya tumbo inatoa hewa ya sumu, kwa hiyo usiinamishe uso wako kwenye matapishi yake. Mtoe nje penye upepo. Namna ya pili ni ile inayozuia damu kuganda. Hiyo haionyeshi kitu siku ya kwanza. Siku ya tatu hadi ya tano paka analegea, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au kwenye choo, au anapumua kwa shida. Hii ina dawa yake, nayo ni vitamini K, na paka wengi hupona wakiwahishwa. Ndiyo maana ni lazima uhifadhi pakiti ya sumu na uende nayo kwa mtaalamu. Sumu ya kuuzwa mkononi, isiyo na lebo, isikanyage nyumbani kwako. Ikimpata paka, au Mungu apishe mbali ikampata mtoto, daktari hatajua hata pa kuanzia.

Ya pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Mkulima anaona paka wake ana viroboto, anachota dawa kidogo anamnyunyizia. Ndugu mkulima, usifanye hivyo. Nyingi ya dawa hizi zina pemethrini, saipamethrini au amitrazi. Ng'ombe huzivumilia, na hata mbwa huvumilia baadhi yake. Lakini ini la paka halina uwezo wa kuivunja pemethrini kama ini la wanyama wengine. Zaidi ya hayo paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo dawa uliyompaka mgongoni ataimeza yote. Masikio yanaanza kucheza, misuli inatetemeka, udenda unatoka, kisha degedege. Likikwisha kutokea, mwoshe upesi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, msuuze, mkaushe, mfunge katika nguo asipate baridi, hasa huku kwetu juu kwenye baridi ya Mbulu, kisha mpeleke.

Ya tatu ni vidonge vyetu wenyewe. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kile tunachomeza kwa maumivu ya kichwa, kinaweza kumwua paka. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso na nyayo vinavimba. Usimpe paka dawa yoyote ya binadamu bila kuambiwa na mtaalamu.

Na maziwa je? Wengi husema aliyekula sumu anyweshwe maziwa au mafuta. Hayaondoi sumu. Paka anayetetemeka ukimnywesha kwa nguvu, maziwa yataingia mapafuni. Usimtapishe wala usimnyweshe. Mwahishe.

UGONJWA UNAOIHUSU NYUMBA NZIMA

Sasa tufike kwenye lile kundi la tatu. Hapa naomba redio isipunguzwe sauti, na anayesoma asiruke ukurasa.

Tauni. Mshuku paka wako ukiona mambo haya: amekuwa mzito ghafla, hali, mwili una joto kali, na chini ya taya au shingoni pamevimba. Hiyo ndiyo mitoki. Wakati mwingine hupasuka na kutoa usaha. Wengine huanza kukohoa na kupumua kwa shida, na hao ndio wa hatari zaidi kwa watu. Sasa, paka dume hupigana, na jeraha la meno hufanya jipu. Utajuaje kuwa ni jipu au ni mitoki? Kwa macho tu huwezi kujua, hata mimi siwezi. Kwa hiyo sheria ni moja: uvimbe wa shingoni kwa paka mwenye homa usiuminye, usiupasue, usiushike kwa mikono mitupu. Ukiwa umeona pia panya waliokufa nyumbani, ghalani au shambani bila wewe kuweka sumu, basi shaka ni kubwa mara mbili.

Fanya hivi. Mfungie paka katika chumba kitupu au banda. Watoto wasimsogelee. Mpigie simu Afisa Mifugo, na siku hiyo hiyo toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji na zahanati. Usimbebe kifuani kwenda naye popote, ngoja maelekezo. Panya waliokufa usiwashike kwa mkono. Na jambo hili wengi hulikosea: usianze kutega na kuwaua panya waliobaki. Ukiwaua, viroboto wao wote watatafuta watu. Wataalamu wa afya huanza kwa kuua viroboto, ndipo panya wanafuata.

Kisha jiangalieni wenyewe. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa ya ghafla, kichwa kuuma, baridi ya kutetemesha, na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, au akikohoa makohozi yenye damu, aende kituo cha afya au hospitali mara moja, iwe Mbulu mjini, Haydom au Katesh. Akifika amwambie daktari: "Paka wetu aliugua, na panya wamekufa nyumbani." Maneno hayo machache yanaweza kumwokoa, kwa sababu homa ina sababu nyingi, na daktari asiyeambiwa anaweza kufikiri malaria kwanza. Tauni inatibika kwa dawa za hospitali ikiwahiwa. Ikicheleweshwa inaua. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kichaa cha mbwa. Jina lake linawadanganya wengi. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu huupata kwa mbwa, hilo ni kweli, lakini mbwa mwenye kichaa humng'ata na paka pia, na paka humng'ata mtu. Wiki au miezi baada ya kung'atwa, paka mpole anabadilika. Anashambulia bila sababu, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Sauti inabadilika, udenda unatoka, anayumba, taya linalegea. Ukiona udenda usitie kidole mdomoni mwake kutafuta mfupa uliokwama. Mtu akidhani ni mfupa na kumbe ni kichaa, amejiingiza mwenyewe hatarini.

Mtu aking'atwa au kuparurwa na paka wa namna hiyo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Asifunge kwa majani wala asipake kitu kingine. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi, anakingwa. Kama paka aliyeng'ata anaonekana mzima na ana mwenyewe, asiuawe. Afungiwe na mtaalamu amwangalie kwa siku 10. Na kama imebidi auawe, asipigwe kichwani, maana ugonjwa huu hupimwa kwenye ubongo.

Paka aliyekufa kwa ugonjwa unaoshukiwa asichunwe, asitupwe korongoni wala kupewa mbwa. Mwulize kwanza Afisa Mifugo kama anahitaji kuchukua sampuli. Akikuruhusu, mzike katika shimo refu bila kumshika kwa mikono mitupu.

NAMNA YA KUMPELEKA

Afisa Mifugo wa Kata mara nyingi ana vijiji kadhaa vya kuhudumia. Leo yuko kwenye josho, kesho yuko mnadani. Kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka nyumbani. Mweleze mambo sita: paka ana umri gani, ni dume au jike, tatizo lilianza lini, amekula na kwenda haja mara ya mwisho lini, kuna sumu au dawa gani nyumbani, na kama kuna panya waliokufa au mtu aliyeng'atwa. Mwulize pia kama anazo dawa zinazomfaa paka, au akuelekeze kwenye kituo kingine. Ulizia gharama kabisa, hakuna aibu katika hilo. Na kama mnyama hawezi kupona, mtaalamu anaweza kumpumzisha bila mateso. Hiyo nayo ni huduma.

Kwa ugonjwa wa kawaida, mtie katika kapu lenye mfuniko au tenga lililofungwa kitambaa juu. Paka akikosa kuona njia hutulia. Usimfunge kamba shingoni ukampakia kwenye pikipiki, wala usimtie kwenye mfuko wa plastiki. Mkamate ukiwa umemfunika kwa nguo nzito au gunia, hata akiwa ni paka mpole, kwa sababu maumivu hayana urafiki. Usimpe chakula njiani.

KINGA NI BORA KULIKO KUFUKUZANA NA UGONJWA

Mpe paka chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na irudiwe kila mwaka. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, uliza kama na paka wanachanjwa, kisha mlete wako katika kapu. Usimlete mkononi, akiona mbwa mia moja atakuparura na kukimbia.

Mpe chakula kila siku. Wako wanaosema paka mwenye njaa ndiye anayewinda vizuri. Si kweli, paka mwenye afya huwinda hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa huhamia kwa jirani. Mpe maji safi pia, maana maziwa si badala ya maji. Kwa viroboto na minyoo, tumia dawa iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya paka, kwa kipimo cha uzito wake.

Ukiwa na paka, usiweke sumu ya panya mahali anapopita. Tumia mitego, funga matundu, inua ghala juu ya ardhi na uvishe miguu yake vizuizi vya bati, fyeka majani kuizunguka nyumba, na usiache mahindi yamerundikana sakafuni pamoja na watu. Paka ni msaidizi. Peke yake hawezi kuimaliza kazi ya panya. Watoto nao wasilale kitanda kimoja na paka, hasa wakati panya wamezidi.

KWA KUMALIZA

Ndugu mkulima, tuyakumbuke mambo matatu. Paka aliyetapika mara moja na anakula, mwangalie hadi kesho. Paka asiyepumua vizuri, dume asiyekojoa, aliyekula sumu, aliyeshindwa kuzaa, huyo ni wa leo leo. Na paka mwenye homa na uvimbe shingoni penye panya waliokufa, au paka aliyebadilika tabia na kutoa udenda, huyo usimguse: mfungie, toa taarifa, na uangalie afya za watu wako.

Andika kwa chaki nyuma ya mlango namba ya simu ya Afisa Mifugo na ya zahanati yako. Fanya hivyo leo, kabla hujaihitaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, nani ameona panya waliokufa bila kuwekewa sumu mwezi huu? Taarifa ilipelekwa kwa nani?
2. Sumu ya panya na dawa za nafaka tunazotumia zina lebo? Tunazihifadhi wapi?
3. Paka wangapi wa kitongoji chetu wamechanjwa? Tutamwomba Afisa Mifugo lini aje kuchanja waliobaki?
4. Paka akimng'ata mtoto leo usiku, nani ana usafiri wa kumfikisha hospitali?